Tulidhani Umeketi Tu, Mama Bomba

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoketi kwenye kiti chako bungeni usiinuke tena. Bado hatuamini. Kifo hakipigi hodi, tunajua, lakini hiki kilitukuta tunacheka.

Ulipima maji maabara miaka mingi kabla ya siasa, na kazi ile haikukutoka. Ukifika kwa mtu, hujaulizwa hata habari za safari, umeshafungua bomba, umekinga glasi, umeiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkweo alipokuja kujitambulisha ulimpa maji ukamuuliza, "Unaionaje ladha yake, mwanangu?" Maskini akadhani anapimwa adabu. Kumbe ulitaka jibu.

Wabunge wenzako walikuita Mama Bomba kwa utani, ukalipenda jina. Hotuba zako ulizifanyia mazoezi jikoni. Baba ndiye alikuwa Spika, akigonga meza kwa mwiko, na sisi wanao tulikuwa wapinzani wenye ruhusa ya kuzomea. Tukizidi, ulivua miwani, ukaketi, ukanyamaza mpaka tuchoke wenyewe. Kisha uliinuka na sentensi moja ya kutumaliza. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," ulikuwa ukituambia.

Siku ile mlijadili sheria ya maji. Waziri alisema kwa kujiamini kwamba maji hupimwa kila siku kwenye mtambo wa kusafishia, na ni salama. Ukamjibu taratibu.

"Mheshimiwa Spika, hakuna mwananchi anayekinga glasi yake mtamboni. Maji ya mgao yakikatwa, mabomba yaliyo ardhini hayakai tupu. Hunyonya uchafu kupitia nyufa, na dawa iliyotiwa mtamboni huishia njiani. Naomba kifungu hiki kibadilishwe, maji yapimwe jikoni kwa mnywaji."

Kelele zikaanza. Ukavua miwani. Ukaketi.

Sisi mbele ya televisheni tukashikana mabega. "Subirini," Baba akasema, "sasa watamtambua." Kelele zikaisha, ukumbi mzima ukakungoja, hata waziri. Mbunge wa kiti cha jirani alipokugusa bega, kichwa chako kikalala kwenye meza. Baba alikuwa bado anatabasamu.

Daktari alisema ni moyo. Moyo gani, Mama? Asubuhi hiyo hiyo ulimgombeza kitindamimba wako kwa kuacha bomba linatiririka. Mgonjwa hagombezi vile.

Kifungu chako kilipita. Waziri mwenyewe ndiye aliyekisoma. Wiki iliyopita mpimaji, dada mmoja mwenye sanduku la chupa ndogo, alibisha hodi kwetu akaomba kuingia jikoni. Alifungua bomba, akakinga, akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Baba alishika ukingo wa meza.

"Ni salama?" akamuuliza.

"Siwezi kusema kabla sijapima, mzee."

Baba akalia, kwa sababu hata wewe ungemjibu hivyo hivyo.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye mwiko ule hataki tuupikie, dada yako, kitindamimba wako, anayefunga bomba siku hizi mpaka linalia, mkweo, wajukuu zako, na mimi kifunguamimba, niliyeachiwa kalamu.

Hatutakusahau, Mama. Kelele zimeisha zamani. Nyumba yote imenyamaza, na sisi bado tunangoja uinuke.