Mwanangu Atafuata Tabia ya Nani

S.L.P. 14,
Abetifi, Kwahu,
Ghana.
20 Oktoba, 1994.

Mpendwa Dada Amoakoa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi na kwa mkono mmoja, maana wa pili umembeba mtu. Huko Lobatse mnaendeleaje? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umetulia? Na shemeji bado anakunywa ule uji wa mtama kila asubuhi, au amegoma? Sisi huku ni wazima. Baridi ya mlimani imeanza, ukungu unaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, lakini tunamshukuru Mungu.

Mtu mwenyewe ni msichana. Alizaliwa Jumanne ya tarehe nne, kwa hiyo Abena, jina la msichana wa Jumanne, alikuja nalo mwenyewe, likabaki la kupewa. Ana masikio ya baba yake Asiedu, maskini, lakini nywele zikiota zitayafunika. Mimi nimepona vizuri. Mama mkwe ananinywesha supu ya samaki mara tatu kwa siku. Nikisema nimeshiba anasema maziwa yatakauka. Basi nakunywa, dada, mpaka naogopa kuota magamba.

Sasa kaa kitako nikueleze ya siku ya nane, maana najua watu watakupelekea habari za nusunusu.

Unajua mwenyewe kwetu: mtoto anatolewa nje asubuhi na mapema apewe jina, na yule anayemdondoshea maji na pombe ulimini, ajue kutofautisha kweli na uongo, ndiye anayemwachia na tabia yake. Miezi yote tisa nilikuwa namwaza mtu mmoja tu, Mjomba Yirenkyi. Nani mwingine? Ndiye aliyetulea tangu mama alipotutoka. Lakini mwenye kutoa jina ni upande wa baba, na kwao Asiedu ni watu wa duka. Baba mkwe ameuza vitambaa mwaka wa arobaini na moja sasa, duka lilelile, kigoda kilekile, mpaka kigoda kimechukua umbo lake.

Nikamtuma Asiedu akamsemee mjomba kwa mama yake. Mimi nilikuwa chumbani, ukuta wenyewe mwembamba, nikasikia kila neno.

"Yirenkyi yupi? Huyu aliyekunyoa upande mmoja akakuacha hapo, akaenda kurekebisha redio ya mchungaji?"

"Alirudi akamalizia, mama."

"Baada ya saa mbili! Umekaa uani kama shamba lililolimwa nusu! Unataka mtoto wa kike apewe tabia hiyo? Atapika nusu, atafua nusu. Na siku ya harusi ataolewa nusu!"

Akamchagua Mzee Okrah. Huyo ni mwalimu mstaafu, amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Mara mbili walitaka kumpandisha darasa la pili, akakataa. Pombe hajawahi kuionja maishani. Mimi nikalia kidogo ndani ya supu. Mama mkwe akadhani ni pilipili.

Mzee Okrah sina neno naye, ni mtu mwema. Lakini nilitaka mwanangu awe mtu wa kujua la kufanya siku mambo yakiharibika. Unaukumbuka mwaka ule wa njaa? Watu wenye kazi moja walikaa wakiitazama kazi yao. Mjomba alishona mifuko, akachoma maganda ya kakao akatengeneza sabuni, akapiga tarumbeta kwenye misiba ili atuletee chakula cha msibani kwenye kofia. Hatukulala na njaa hata siku moja. Tabia hiyo mimi nitamtafutia Abena wapi?

Basi mjomba akaja siku moja kabla, kama mgeni tu, na mfuko wake wa vifaa. Hakuna aliyemwomba kitu. Kufikia asubuhi alikuwa ameshasimamisha turubai, amemnyoa baba mkwe (pande zote mbili), na yule mpishi wa kukodi alipochelewa, akashika mwiko. Mama mkwe akapita, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Yirenkyi, mshika mbili moja humponyoka."

"Kweli kabisa, mama. Ndiyo maana mimi nashika tano. Zikiponyoka mbili, tatu zinabaki."

Mama mkwe akageuza uso upesi. Nadhani alikuwa anacheka, lakini siwezi kuapa.

Tukakaa. Baba mkwe akamimina maji kwenye glasi moja na pombe kali kwenye ya pili, zote nyeupe kama machozi. Mzee Okrah alikuwa na mafua ya baridi hii, pua zimeziba kabisa. Na wewe unawajua walimu: hakupenda glasi zilivyokaa. Akazipanga upya kwenye mstari. Akachovya kidole, akamwinamia mtoto kwa ile sauti ya darasani: "Abena, ukisema ni maji, yawe maji."

Dada, mtoto akakunja uso kama bibi kizee aliyepewa chenji pungufu. Kisha akapiga ukelele nafikiri ulifika mpaka huko Botswana. Mzee Okrah hakusita. Miaka thelathini na minne hakuna mtoto aliyelia akamkatiza somo. Akadondosha la pili, akadondosha la tatu. Hapo harufu ikanifikia, na Asiedu akaropoka, "Jamani, hiyo ni pombe!"

Mzee Okrah akachukua glasi, akanywa funda zima ahakikishe, macho yakamtoka, akakaa chini polepole kama mtu anayeshuka mtini.

"Tumekwisha," mama mkwe akasema. "Mtoto kafundishwa uongo hata jina hajapewa. Ataita jiwe mkate."

Kila mtu akawa na lake. Huyu anasema tungoje Jumanne nyingine, yule anataka yai la kumtakasia ulimi, mwingine anauliza kama mtoto anaweza kusukutua! Ukweli ni kwamba walijua njia moja tu ya kulifanya jambo hili, na hiyo imeshaharibika. Mimi nimemkumbatia Abena, nawaza kwamba wataondoka na mwanangu atabaki hivyo, na doa la uongo, bila jina.

Mjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaukabidhi kwa mtu, akafuta mikono, akasimama katikati, na dada, sauti ikawa nyingine kabisa. Unakumbuka ile miezi sita aliyomsaidia msemaji wa chifu kabla hajaenda kutengeneza majeneza? Sauti hiyo.

"Wazee wangu, hapa nani kadanganywa? Mtoto kaambiwa haya ni maji. Je, alikubali?"

Wakatazamana. "Hakukubali," akasema baba mkwe.

"Alifanya nini?"

"Alipiga kelele."

"Basi. Mtu mzima kashika glasi mkononi hakujua. Mtu wa siku nane kajua, na kawaambieni mbele ya wote. Mnataka mtoto mkweli kuliko huyu mkamtoe wapi?"

Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Baba mkwe akasema vema, tuanze upya, ila nani atashika glasi? Mzee Okrah bado alikuwa amekaa chini, macho yamemtoka. Hapo sijui nini kilinipata. Mzazi hasemi mbele ya wazee, najua, lakini mdomo ulishafunguka.

"Baba, nisamehe. Mjomba wangu ameacha kazi kumi na moja, nimezihesabu. Mimi na dada yangu hakutuacha."

Mama mkwe akanitazama. Nikajua supu yangu imeishia hapo. Kisha akamgeukia mjomba.

"Kazi hii umewahi kuifanya?"

"Mara moja, mama. Kule mjini Nkawkaw."

"Na mtoto yule yukoje sasa?"

"Mzima kabisa. Ni fundi saa." Akajikuna kidevu. "Anauza na kuku. Na Jumapili anapiga kinanda."

Baba mkwe alicheka hadi akashika ukuta. Mama mkwe akamwita Mungu wake, akatafakari, akakata shauri: "Mzee Okrah ashike maji, maana maji hayana mambo mengi. Yirenkyi ashike pombe. Mtoto achague mwenyewe cha kuchukua kwa kila mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa maji Abena akatulia, akalamba. Kwa pombe akapiga kelele kama kawaida. Tukamwita Abena Ntiriwaa, jina la mama mkwe, ambaye alijifanya hakutegemea.

Lakini ninachotaka ujue ni hiki. Wakati mjomba amemwinamia mtoto, mchuzi ulianza kuungua. Yule aliyeachiwa mwiko alikuwa amesimama kututazama. Harufu ikatujia wote, hata Mzee Okrah mwenye mafua nadhani. Nikamnong'oneza, "Mjomba, mchuzi." Akasema, "Acha uungue." Hakugeuka. Akamaliza matone yake matatu polepole, machozi yakimdondoka kwenye shati. Mama mkwe alimwona. Tulikula mchuzi mweusi siku ile na yeye ndiye aliyeomba uongezwe.

Mzee Okrah naye, lile funda lilimfungua kifua. Alisimama akatufundisha hesabu za darasa la pili, watu wazima sitini tunaitikia, na wote walisema ni somo zuri.

Sasa mama mkwe anamchunguza Abena kila siku kama kitambaa kipya. Jana mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akaitazama taa, akaacha, akapiga chafya, akarudi kunyonya. Mama mkwe akatikisa kichwa: "Upande wa Yirenkyi huo." Lakini leo kanyonya nusu saa bila kupumua, na nimemsikia akimwambia jirani, "Huyu wetu atakuwa na kila kitu."

Msalimie sana Shemeji Boakye, na mwanao Kwaku Dwamena mwambie mama zake wadogo ni wawili sasa, mimi na huyu aliye mdogo sana kuliko yeye, ila huyu kwa kweli ni binamu yake. Asiedu anakusalimu. Mjomba anakusalimu pia, yupo uani anapaka rangi kigoda cha baba mkwe, na baba mkwe amesimama kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe usingizi mzuri na mgongo usiouma.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kuchoka,

Yaa Dansoa.