Miiba ya Babu Sulle

Shikamoo Mama Restituta, mimi ni msomaji wa safu yako kutoka Nangwa, nina shida na Ijumaa ndiyo mwisho wangu wa kukabidhi kazi ya chuo.

Nasoma usanifu wa picha chuoni, na kazi yetu ya kumalizia ni bango kuhusu mtandao kufungwa na watu kuzuiwa kusema, nikachora kufuli, nikachora mnyororo, nikachora mdomo uliozibwa kwa plasta, mwalimu akanirudishia zote akasema, "Hilaria, makufuli ninayo ishirini na saba mezani hapa, nenda nyumbani ukaangalie kwa macho yako," basi nikaja likizo nimekata tamaa, siku ya pili naenda bombani nikakuta Babu Sulle, mdogo wake babu yangu mzaa baba, ameziba njia inayokatiza shambani kwake kwa matawi ya miiba, kama kila msimu mahindi yakichipua, na pembeni watu wameshakanyaga njia mpya, nyembamba, inazunguka miiba na kurudi kwenye ileile ya zamani, Mama, nilisimama pale na ndoo kichwani nikaona bango langu lote liko chini.

Nikapiga picha, nikaandika juu yake "Njia imefungwa, watu wamepita," nikaituma kwenye grupu la ukoo ili wanisifie, kumbe nimechokoza nyuki, wakasema namwanika mzee kwamba anawanyima watu njia, baba mdogo Modest ambaye ndiye admini akaifuta picha na mimi akanitoa kwenye grupu, lakini walikuwa wameshaisambaza, jioni Babu Sulle mwenyewe, mwenye simu ya kitochi, ameshaonyeshwa kwenye simu ya jirani, na tangu hapo nikimwamkia haitikii. Baba anasema niifute nichore kitu kingine, na babu huyu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka shule siku ya kwanza, lakini nikiifuta si nitakuwa nimejifungia mwenyewe? Nifanyeje?

Hilaria, Nangwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukusifu, maana naona kwenu sifa zimeadimika. Watu wanaikuta miiba hiyo kila mwaka na wanachoona ni kuchelewa maji. Wewe umeona bango. Una jicho, Hilaria, na mwalimu wako alijua. Na huyo Modest, bila kujua, kakufanyia nusu ya kazi: kafuta picha, nayo ikapita pembeni ikamfikia hata asiye na simu ya kuifungulia. Nimecheka mpaka chai ikapoa.

Sasa nikugombeze. Umepiga picha shamba la mzee, ukaandika maneno yako juu yake, ukaituma kwa ukoo mzima, na yeye akawa wa mwisho kujua. Tangu lini binti wa Nangwa anaingia kwa babu yake bila hodi? Kumtaarifu mzee si kujiziba mdomo. Ni adabu, na uliisahau bombani.

Tena bango lako lina pengo. Umeonyesha miiba na waliozunguka, hukumwonyesha aliyeiweka. Kila anayefunga njia ana sababu. Babu yako ana mahindi machanga, na ng'ombe wa watu hawana simile. Wanaofunga mtandao nao watakuambia wana mahindi yao. Anayetazama bango lako aulize: yako wapi hayo mahindi?

Kwa hiyo usiifute. Kesho asubuhi, kabla mzee hajatoka, nenda kwake peke yako. Mwamkie. Asipoitika, kaa, umwamkie tena. Mwambie umekosa. Mweleze kazi yako kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani, maneno ya darasani yaache chuoni. Kisha mwombe jambo moja: aweke tawi la miiba njiani kwa mkono wake, nawe upige picha mkono tu, bila sura.

Akikataa, mshukuru uondoke, ushike penseli. Miiba ipo hata vijiji vingine, ipo Mogitu, ipo Balangdalalu, haina mwenyewe, na mchoro wako hakuna admini wa kuufuta. Baba yako mwambie mimi ndiye niliyesema.

Lakini sidhani atakataa. Mkono uliokupeleka shule siku ya kwanza, ndio huohuo ninaotaka kuuona kwenye bango Ijumaa.