Kamba za Masika

Buffalo, Jumanne jioni

Na goti bado linauma.

Asubuhi nilizungushia tairi la nyuma la pikipiki kamba, kama tulivyofanya masika kule Kasulu nilipokuwa dereva wa bodaboda. Mke wangu, Mama Imani, akacheka: "Baba Imani, theluji si matope!" Nikamjibu kwamba sijawahi kuangusha abiria.

Pale kwenye taa za Grant Street pikipiki ikaniponyoka kama sabuni, nikaangukia goti. Nikachelewa kazini kule ghalani mara ya tatu. Msimamizi kasema nikichelewa tena nisirudi. Na basi la kwanza hufika zamu imeshaanza.

Theluji inaanguka tena. Kupitia dirisha namwona Mama Imani huko nje, kapiga magoti kando ya pikipiki. Hacheki. Anazifunga zile kamba upya.