Gunia la Ogada la Mazoezi ya Gofu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kaptembwo, Nakuru. Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Jamleck Kahiga
Umri: Miaka 74
Kazi: Sina kwa sasa. Zamani karani wa chama cha ushirika cha maziwa.
Makazi: Chumba namba 9, ploti ya vyumba kumi na vinne, Kaptembwo. Kabla ya hapo Kuresoi, hadi Januari 2008.

Afisa amesema maneno ya mwisho kuhusu Kuresoi si ya lazima. Nimeomba yabaki.

Nimefika kituoni kwa miguu. Hakuna askari aliyeniita. Aliyeniomba nije ni jirani yangu Ogada, mwenye miaka 34, wa chumba namba 8. Ukuta wetu ni mmoja na usiku namsikia akikohoa. Ogada ni kedi katika klabu moja ya gofu hapa Nakuru, yaani huwabebea wachezaji mikoba ya fimbo zao. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mitatu.

Mwezi wa Mei klabu ilitangaza kwamba itamchagua kedi mmoja awe msaidizi wa mwalimu wa gofu. Majaribio ni kesho, Jumanne tarehe 17, saa mbili asubuhi. Ogada aliponiletea habari hiyo alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kochi, nikipita hii, sibebi tena. Nafundisha." Aliniita kochi kwa sababu nilikuwa namsomea kitabu cha gofu cha Kiingereza, kisicho na jalada, nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilikuwa nasoma sentensi, naitafsiri, na yeye anaifanya kwa mwili.

Kedi hawaruhusiwi kugusa uwanja wa mazoezi ila Jumatatu. Kwa hiyo Ogada alifanyia mazoezi uani, kwa vitu ambavyo watu wengine wangetupa. Neti yake ilikuwa vyandarua viwili vilivyozeeka, vikashonwa pamoja na kipande cha neti ya kivuli alicholetewa na binamu yake kutoka mashamba ya maua ya Naivasha. Mipira yake ilikuwa soksi zilizoviringishwa zikashonwa. Siku nyingine alipiga vizibo vya soda, akisema anayekipata kizibo hawezi kuukosa mpira. Alisimama juu ya kipande cha zulia. Alibana taulo makwapani ili mikono isiachane na kifua, na taulo likianguka alianza upya bila kulaumu mtu. Fimbo yake ilikuwa chuma namba saba iliyotupwa na mwanachama wa klabu.

Halafu kulikuwa na gunia. Kitabu kinasema mchezaji apige kitu laini kisichosogea, ili mikono ijifunze inavyopaswa kukaa fimbo inapokutana na mpira. Ogada alichukua gunia la viazi, akazunguka chumba hadi chumba akiomba nguo kuukuu, akalijaza na kulifunga kwenye nguzo ya kamba za nguo. Mimi nilitoa koti langu la kijivu, ambalo ndilo nililotoka nalo Kuresoi.

Kila siku alianza na mapigo kumi ya polepole. Baada ya hapo ndipo alipopiga kwa nguvu.

Kazi yangu ilikuwa kichwa chake. Nilisimama mbele yake, nikanyoosha mkongojo wangu, ncha yake ikatua juu ya kofia yake. Kichwa kikisogea wakati wa pigo, mkongojo uliniambia, nami nikamwambia. Kwa wiki tano nilifanya hivyo kila jioni. Sijui kama afisa anaweza kuandika kwamba nilikuwa naisubiri saa hiyo tangu asubuhi. Ameandika.

Watu wa ploti hawakuyapenda mazoezi hayo. Nitawataja wawili. Jerry, wa chumba namba 3, ni fundi wa mawe. Tabby, wa chumba namba 1, hupika chapati mlangoni kwake, na hakuna habari inayoingia au kutoka bila kupita kwenye karai lake. Hao ndio waliomwita Ogada Mzungu wa Kaptembwo. "Mzungu, leo umeshinda kombe la soksi?" Tabby alikuwa akimwuliza. Ogada naye alikuwa akijibu, "Bado, lakini nimeshinda la vizibo. Leta chapati ya kusherehekea." Hakuwahi kukasirika. Nafikiri hilo liliwaudhi zaidi.

Mimi waliniita Mzee IDP, yaani mkimbizi wa ndani, kwa kuwa nilifukuzwa Kuresoi katika ghasia za baada ya uchaguzi. Halikuwa jina la chuki. Krismasi wakila pamoja uani, sahani yangu iliwekwa nje ya mlango wangu, imefunikwa vizuri. Imekuwa hivyo kwa miaka kumi na saba.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nane na robo mchana, nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu nikisoma. Ogada alikuwa klabuni. Jerry aliingia kutoka kazini na jiwe la ujenzi begani, lile la kuchongwa, urefu wake kama mkono hadi kiwiko. Tabby alijifuta unga mikononi akamsaidia kulifungua gunia. Walitoa nguo, wakalisimamisha jiwe katikati, wakaweka matambara machache upande wa mbele, wakalishona gunia kwa uzi wa katani. Jerry anafanya kazi safi. Ukiwa hatua mbili usingeweza kujua.

Jerry aliponiona natazama alisema, "Mzee, soma kitabu chako."

"Mwache," Tabby akasema. "Hata yeye amechoka na hiyo du, du, du kila jioni. Ama si hivyo, guka?"

Hakuwa amewahi kuniita guka, yaani babu kwa Kikuyu. Nilisema, "Ana majaribio Jumanne."

"Si ndiyo maana? Akipita ataanza kutupita hapa na miwani nyeusi kama hatujui."

"Ni shoti kidogo tu," Jerry akasema. "Atashtuka, tutacheka, basi. Na wewe guka ni mtu wetu. Mtu wetu hapeleki maneno."

Tabby alileta kiti kifupi akakiweka kivulini, karibu na nguzo. Kwa kuwa mbao zake ni ngumu, alichukua koti moja kutoka kwenye nguo zilizotolewa guniani, akalikunja mara nne na kulitandika juu. Lilikuwa langu. Akaniletea chai ya maziwa na chapati mbili. "Leo unakaa mbele kama mheshimiwa," akasema. Niliketi.

Kutoka nilipoketi hadi Ogada aliporudi zilipita saa mbili na nusu. Simu yangu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na chaji. Namba ya Ogada ni ya kwanza katika simu hiyo.

Kule Kuresoi nilikuwa na jirani ambaye sitamtaja. Siku moja kabla ya nyumba yetu kuchomwa, alikuja kunirudishia toroli aliloliazima tangu mavuno. Alikuwa amelisafisha. Sikuwa nimemdai. Tulizungumza habari za mvua, akaniambia tutaonana kesho, akaenda zake. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa anajua. Kwa miaka kumi na saba nimejiuliza alijisikiaje njiani akirudi kwake. Nilidhani labda aligeuka mara moja akatazama nyuma. Tangu Jumamosi najua. Alikuwa anataka tu siku hiyo ipite.

Afisa ameniambia nirudi kwenye jambo lenyewe.

Saa kumi na moja na dakika tano jioni Ogada aliingia uani. Watu walikuwa wamesimama kwenye milango yao; niliwahesabu kumi na mmoja. Aliwatazama akacheka. "Niaje watu wangu! Leo kuna nini? Mmekata tiketi?"

"Tunataka kukuona kabla hujawa mkubwa utusahau," Tabby akasema.

"Wewe Tabby siwezi kukusahau. Deni la chapati nitamwachia nani?"

Walicheka, naye akacheka pamoja nao. Niliona kwamba amefurahi. Aliingia chumbani, akatoka amevaa kofia nyeupe mpya. Kofia hiyo alikuwa ameiweka kwa ajili ya Jumanne, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Alibana taulo makwapani, akachukua fimbo, akasimama mbele ya gunia.

"Kochi, njoo unishikie."

Niliiweka chini chai aliyoniongezea Tabby, nikainuka, nikanyoosha mkongojo juu ya kofia. Watu waliinua simu zao. Tabby akapaza sauti, "Piga ya kweli, Mzungu!" Ogada alirudisha fimbo nyuma, akapiga kwa nguvu zake zote. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Ulikuwa mlio wa chuma na jiwe. Fimbo ilikatika katikati. Ogada alipiga magoti juu ya lile zulia, akiushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na kifundo cha ule wa kushoto kilikuwa kimepinda mahali ambapo mkono haupindi. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Watu walikuwa wakicheka. Waliendelea kucheka hata baada ya kuuona mkono, kwa muda mfupi, kama gari linavyoendelea kuteremka baada ya injini kuzimwa. Tabby alikuwa ameegemea ukuta, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Ogada hakuwatazama. Alinitazama mimi. Aliuliza, "Kochi, nimesogeza kichwa?"

Nilimwambia, "Hapana. Hukusogea."

Ndipo Jerry akaja akalipasua gunia, akalitoa jiwe na kuliinua ili simu zilione vizuri. "Ah, buda, ni mchezo tu," akasema. "Inuka." Ogada alilitazama jiwe.

Nilimpeleka hospitali ya umma kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Daktari alisema mifupa miwili imevunjika na mmoja umesagika. Plasta itakaa wiki sita. Alipoulizwa kama vidole vitashika fimbo tena, daktari alisema vitashika kikombe.

Jumapili tarehe 15, saa tisa alasiri, nilikwenda kumwona wodini. Ploti nzima ilikuwa imesambaza video, na hata kedi wenzake walikuwa wamemtumia. Mmoja alikuwa ameandika chini yake: swingi safi, gunia limekataa. Ogada alikuwa ameitazama mara nyingi. Aliniambia, "Kochi, nimewaangalia wote mmoja mmoja. Wote wanacheka. Wewe peke yako hucheki." Akaniomba nije hapa niseme nilichokiona, kwa sababu wengine watasema aliteleza. Akaniomba pia nizianue soksi zake kwenye neti kabla mvua haijanyesha. Nimezianua. Ni ishirini na sita.

Nilipofika hapo katika maelezo haya nilimwambia afisa kwamba nimemaliza. Akanisomea yote, akanipa kalamu nitie sahihi. Nimeiweka kalamu chini, kwa sababu kuna jambo nimeliruka.

Video inaanza fimbo ikiwa tayari imeinuliwa. Kabla ya hapo, nilipokuwa nimeuweka mkongojo kichwani kwake, Ogada aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kochi, nianze na zile kumi za polepole?" Angeanza nazo, pigo la kwanza lingemwonyesha kilichomo, naye angecheka kuliko wote, na kesho asubuhi angekuwa uwanjani.

Nilimwambia, "Leo anza na ya nguvu."

Alitikisa kichwa kukubali, kisha akakituliza. Nimeshika mkongojo huu juu ya kichwa hicho kwa wiki tano na hakijawahi kutulia namna hiyo.

Afisa ameuliza kwa nini nilisema hivyo. Nimefikiri kabla ya kujibu. Watu kumi na mmoja walikuwa wakinitazama, na hakuna aliyekuwa akinitazama kama mgeni. Chai yangu ilikuwa bado nusu.

Nimesema niliyoyaona, na sasa nimesema niliyoyafanya. Haya yote ndiyo maelezo yangu, na sitaki lolote litolewe.

Sahihi: J. Kahiga

MAELEZO YA AFISA

Mimi, Konstebo Natasha Chepkemoi, nimeyaandika haya kama yalivyotamkwa na shahidi kwa Kiswahili, na nimemsomea mara mbili. Hakushurutishwa wala kuahidiwa chochote. Sehemu inayoanzia pale alipoiweka kalamu chini imeongezwa kwa ombi lake. Nilimweleza kwamba inaweza kutumika dhidi yake. Alijibu kwamba ndiyo maana anataka iandikwe kwa wino. Aliuliza kama mlalamishi atasomewa. Nilimjibu kwamba ana haki ya kusomewa.

Saa tano na nusu nilimwambia aende nyumbani, tutamwita. Sasa ni saa saba kasorobo na bado ameketi kwenye benchi la nje, amevaa koti la kijivu lililotajwa humu. Koti hilo ni kielelezo cha ushahidi. Kuna baridi, sijamwambia alivue.