Kila Jani na Kigae Chake

Tarehe 3 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui wewe na goti lako.

Chekechea ya kanisa inanipa raha na presha kwa pamoja. Nimewaanzishia watoto grafu, na usicheke! Tunaokota majani uani, tunayapanga mistari, kila aina na mstari wake, kisha tunatazama Mungu ametupa lipi kwa wingi. Wazazi wananung'unika: watoto wanarudi na matope, kalamu hawajashika. Mchungaji amesema Jumapili ya mwisho wa mwezi niwaonyeshe somo lenyewe. Wasiporidhika, darasa anapewa mwingine.

Niombee.

Binti yako

Tarehe 12 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti linalia kama bawaba, lakini vigae havijibandiki vyenyewe, kwa hiyo bado napiga magoti kwenye sakafu za watu.

Nilitaka uwe mhasibu, uhesabu vitu vya maana. Sasa unahesabu majani! Wakiniuliza kazini mwanangu anafanya nini, nasema "yupo, anaendelea," naishia hapo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nakuombea.

Baba yako

Tarehe 31 Mei

Baba,

Shikamoo. Naandika hata viatu vya kanisani sijavua.

Mvua ilinyesha, tukahamia ndani. Watoto wakapanga majani sakafuni mbele ya wazazi wote: matano mapana ya mparachichi, manane madogo ya mpera. Nikauliza, "Yapi mengi?" Wakaitika kwa nguvu, "Ya mparachichi!" Kweli, mstari wake ndio uliokuwa mrefu. Mama mmoja akaangua kicheko: "Tano imeipita nane? Hesabu gani hii?"

Nilisahau kuwachorea vyumba vya kuwekea jani moja moja, Baba! Siku zote huwa nachora kwa chaki uani. Nikainamisha kichwa kwa aibu, na chini ya miguu yangu nikaona vigae. Nikakukumbuka ukinifukuza nisikanyage kazi mbichi: "Kila kimoja kina nafasi yake!"

"Watoto," nikasema, "kila jani likae kwenye kigae chake. Moja tu."

Wakahamisha. Mstari wa mpera ukaupita wa mparachichi. Binti mmoja tunayemwita Chiriku, maana hanyamazi, akapiga kelele, "Mwalimu, kumbe yale makubwa yalikuwa yanajinyoosha tu!"

Kanisa zima likacheka, safari hii pamoja nasi. Nikawaambia kwa Mungu ni hivyo hivyo, mdogo anahesabiwa mmoja na mkubwa mmoja. Yule mama akaja akapiga magoti, akamwomba mwanawe amwonyeshe tena. Darasa limebaki langu.

Binti yako

Tarehe 9 Juni

Mwalimu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimewasomea wenzangu kazini kwa sauti. Fundi rangi alisikiliza mpaka brashi ikamkaukia mkononi.

Sakafu hiyo sikuibandika mimi, lakini nimevimba kwa fahari kana kwamba ni yangu. Najivunia wewe, mwanangu, na sitaki kulificha hilo tena. Asubuhi nimepanga majani kwenye vigae vya baraza, jirani akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia akae chini, nikamfundisha.

Leo msimamizi ameniita "Fundi!" sikuitika. Ameita tena, nikaendelea kubandika. Nimemwambia jina langu limebadilika, na kuanzia sasa waniite hivi ninavyotia sahihi hapa chini.

Baba Mwalimu