Nilimnunulia Farasi, Akanyamaza

Mpendwa mshauri,

Pole na kazi ya kusoma matatizo yetu, na hili langu naomba usilicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikilisema kwa sauti naliona la kitoto ilhali linaninyima usingizi. Mimi ni fundi wa friji, mtu mzima mwenye mvi, nimeoa mama mwenye binti wa miaka kumi na tatu ambaye baba yake mzazi alifariki, na tangu niingie nyumba ile binti hajawahi kuniita baba, wala sikumlazimisha, akawa ananiita Fundi kama wanavyoniita wateja, tena kwa adabu zote, shikamoo Fundi, chakula tayari Fundi, halafu huyo anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Tuliishi hivyo kama wapangaji wawili wa nyumba moja.

Basi ofisi fulani ilikuwa inatupa kompyuta zake kuukuu, nikachukua mbili nikazitengeneza, moja ya masomo yake na nyingine ya kazi zangu, nikaziweka zote mbili kwenye meza ya chakula, na siku moja nikamkuta anacheza mchezo wa mtandaoni ambao wachezaji ni wafanyabiashara wanaobeba magunia ya chumvi kutoka mji hadi mji, njiani kuna mito na mbwa mwitu, na kujiunga ni bure. Nikamwambia nifundishe na mimi. Akanitazama juu mpaka chini, lakini akanifundisha. Sasa mshauri, kwenye mchezo ule usipolipa huna farasi, unakwenda kwa miguu, na kwa miguu ni safari kwelikweli, unabonyeza kitufe cha kwenda mbele na kusubiri, na mimi kwa vidole hivi vizito nilikuwa najigonga kwenye miti, natumbukia mtoni na gunia langu, yeye anarudi kunitoa huku anacheka mpaka anashika meza, ndipo akanipa jina la Mzee Kobe. "Twende Mzee Kobe, mbwa mwitu hao!" Mama yake alikuwa anafunga bomba jikoni ili atusikie vizuri.

Na humo njiani ndimo alimoanza kuzungumza nami, macho yake kwenye kioo na yangu kwenye kioo, akaniambia habari za mwalimu anayemwonea, za rafiki aliyemgeuka, na siku moja tukiwa kwenye daraja moja refu akaniambia baba yake alikuwa anapiga mluzi akinyoa ndevu, na kwamba mluzi wenyewe umeanza kumpotea kichwani. Mimi nikaendelea kubonyeza kitufe, naye akaendelea kusimulia.

Sasa kosa langu ni hili. Wachezaji wengine walitupita wakiwa juu ya farasi, binti akasema, "Lo, wenzetu wana raha," basi mimi nikalishika hilo tu, nikanunua farasi wawili kwa simu, hela inakatwa hata mate hujameza. Alifurahi, mshauri, aliruka! Lakini kesho yake tulifika mji wa pili kabla hatujasalimiana vizuri. Nikadhani labda mbwa mwitu ndio wanaomchosha, nikajinunulia upanga, nikawa nawamaliza wote kabla yeye hajafika, akaniuliza, "Sasa mimi nafanya nini?" nikaona kumbe naye anataka upanga, nikamnunulia wa kwake, mkubwa kuliko wangu. Akasema asante. Siku hizi nikimwita tucheze anasema ana kazi nyingi za shule, na shule zimefungwa. Mzee Kobe haniiti tena. Mara ya mwisho aliniita Bosi.

Mama yake hajui lolote, maana hela niliyotumia ilikuwa ya feni ya chumbani kwetu, nikamwambia spea hazipatikani, mimi huyu fundi, na mke wangu analala anajipepea kwa gazeti, pengine ni hilihili lenye safu yako. Shule zikifunguliwa binti anakwenda bweni, naogopa ataondoka nikiwa mgeni wake kama siku ya kwanza. Mchezoni kuna ngome inauzwa, ina mnara na bustani, aliwahi kuisifia, na kila siku wanaandika kwamba kesho bei inapanda. Je, niinunue tuagane kwa furaha, au niachane na michezo hii kabisa kabla haijanimaliza?

Ni mimi, fundi asiyelala.

*

Fundi,

Ngome usinunue. Nimelitanguliza hilo kwa sababu umesema bei inapanda kesho, na nakujua, ungesoma barua hii mkono ukiwa kwenye simu.

Pole, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira, na hasira yenyewe ni ya feni. Mkeo anatoka jasho usiku ili farasi wa picha wapate kukimbia! Leo ukirudi kutoka kazini, kabla hujavua viatu, mweleze ukweli. Atakasirika, mwache akasirike. Usijitetee kwamba ulifanya kwa ajili ya mtoto, hata kama ni kweli. Kisha tafuta feni uifunge.

Ningeweza kukuambia uachane na mchezo, na kwa mshauri hilo ndilo jibu rahisi. Lakini hebu rudia ulichoandika mwenyewe. Wenye michezo hii wanajua biashara yao, na vingi wanavyouza ni vya kukupunguzia kusubiri. Sasa kwenu nyinyi wawili, kule kusubiri ndiko kulikokuwa na kila kitu. Mtoto aliyekuwa anafunga mlango alihitaji njia ndefu, kazi ndogo ya mikono, na mtu asiyemkodolea macho anapomtaja marehemu baba yake. Mlipewa vyote hivyo bure, wewe ukatoa hela viondolewe.

Na lile swali, "Sasa mimi nafanya nini?" Ah, Fundi! Friji ikianza kutoa mlio wa ajabu huipaki rangi mpya, unatega sikio. Binti huyu hakuulizwa kama baba yake afe, wala hakuna aliyemsubiri akubali ndipo wewe uhamie pale. Alikuwa na mahali pamoja tu ambapo yeye ndiye anayejua njia na mtu mzima ndiye anayetolewa mtoni. Ukamnyang'anya kazi hiyo, ukamkabidhi upanga.

Kwa hiyo fanya hivi. Ondoa kabisa njia ya malipo kwenye mchezo, ili siku ukitaka kununua kitu ulazimike kwanza kunyanyuka kwenye kiti. Matangazo ya bei inapanda kesho yapuuze, kesho watakuja na mengine. Kaa na mkeo mkubaliane kiasi kidogo cha burudani, kidogo kweli, kisichogusa chakula wala feni, na kikiisha kimeisha. Kitumike kwa kitu ambacho binti amekitaka kwa muda na bado anakitaka, tena kiwe cha urembo, kofia au bendera ya msafara wenu, kisiwe cha kufupisha njia. Vingine mtavipata kwa kucheza, polepole. Akirudi likizo mtaendelea pale mlipoishia.

Msamaha usimwombe kwa hotuba, watoto wa umri huo hotuba wanaikimbia. Washa kompyuta zote mbili mezani, waache farasi zizini, weka upanga chini, beba gunia lako uanze safari kwa miguu. Utatumbukia mtoni, kwa vidole ulivyonieleza hutahitaji kuigiza. Hapo nenda kamgongee mlango, mwambie umekwama na hujui pa kutokea.

Halafu nyamaza, umsikie atakuita nani.

Mshauri wako.