Niliangusha Paa la Ghala Juu ya Paka, Nikamsingizia Mbwa

Ikonge, Agosti 1971

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu, na nakuomba unijibu haraka maana nimeharibu na sijui nianze kutengeneza wapi. Mimi ni mama wa watoto wawili, Loice wa miaka minne na mdogo ambaye bado ananyonya, mume wangu yuko kazini Kericho, nyumbani niko na mama mkwe, na tuna paka tunamwita Nyapara kwa sababu tangu ahamie chini ya ghala panya hawajagusa nafaka yetu ya wimbi, na Loice hali mpaka amwone.

Jumatatu nilikwenda kuchota wimbi, nikainua paa la ghala nikaliegemeza kwa ule mti wenye panda kama siku zote, mtoto akalia mgongoni, nikauvuta mti kwa haraka bila kuchungulia, paa likashuka na Nyapara alikuwa ukingoni, likambana mguu wa nyuma. Nilipoliinua aliruka akajificha chini, mguu unaning'inia. Mama mkwe akatoka kwenye shamba la majani chai akauliza, "Nani amemfanya hivi?" na mimi, kwa kuwa majuzi tu alisema mbele ya wageni kwamba nafanya kazi kama mtu anayesinzia, mdomo wangu ukasema, "Ni mbwa wa Ombati."

Ombati ni jirani yetu. Mama mkwe alimwendea mpaka langoni na jembe mkononi.

"Ombati, mbwa wako amechoka na ugali wako, sasa anataka paka wangu?"

"Mama, huyu ni mzee, hata mfupa unamshinda."

"Paka hajamshinda."

Tena kwa kuogopa kichaa cha mbwa akaleta dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, akampaka paka mguu wote akisema itaua sumu ya meno. Tangu jana Nyapara anatoa mate, anatetemeka, amekataa maziwa. Mama mkwe anasema, "Umeona? Wazimu ndio huo," na mzee wa kijiji, Machogu, ameamuru mbwa afungwe, paka afunikwe kwa kikapu asiguswe na mtu, na kama hatapona kufikia Jumapili ya wiki ijayo, wote wawili wauawe.

Sitaki Nyapara afe, hilo nimeamua. Niambie nitajuaje kama mguu umevunjika na nimtibu na nini, lakini iwe njia ambayo mama mkwe hatajua ukweli.

Ni mimi, Mama Loice


Mama Loice,

Jibu hili nimelitia posta siku ile ile barua yako iliponifikia, maana paka hangoji gazeti. Hapa nalichapisha kwa ajili ya wengine wenye paka na wenye midomo myepesi.

Pole. Kulea wawili huku mume yuko mbali kunachosha, na paa kumponyoka mtu aliyechoka ni ajali. Mbwa wa Ombati si ajali. Huyo umemfunga wewe.

Nimemuuliza daktari wa mifugo. Anasema paka hujilamba, na aliyepakwa dawa ya kupe akijilamba ameinywa. Mate na kutetemeka vimetoka huko, maana hakuna aliyemuuma. Basi mfunge kwa taulo, kichwa tu kiwe nje, kwa kuwa hata paka mpole huuma akiwa na maumivu. Osha dawa yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza sana, mkaushe, mweke mahali penye joto. Usimlazimishe kunywa kitu.

Mguu unaoning'inia, au uliopinda pasipo na kiungo, au usiokanyaga kabisa, uhesabu umevunjika. Usiuvute, usiufunge vijiti, usimwite anayeunga mifupa ya watu. Kama kuna kidonda, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Tembe za maumivu ya kichwa usimpe hata kipande, zinaua paka. Tazama ufizi wake: ukiwa mweupe, au akihema mdomo wazi, au asipokojoa siku nzima, ameumia ndani. Lakini huyu wako tayari ana sumu mwilini, kwa hiyo usisubiri dalili nyingine. Ukishamwosha, mlaze kwenye kikapu hicho hicho mlichomfunikia, umpeleke ofisi ya mifugo Nyamira siku hiyo hiyo, na uibebe chupa ya dawa wajue ni ipi.

Sasa nionyeshe ni lipi kati ya hayo utakalofanya kwa siri. Kumwosha? Hakuna ruhusa ya kumgusa. Kumpeleka? Ukimwambia daktari kwamba mbwa amemuuma na sasa anatoa mate, hatamtibu, atamwua, na atakuwa na haki. Njia uliyoniomba haipo. Uongo wako ndio uliomletea dawa, dawa ikamletea mate, na mate ndiyo yamemhukumu.

Kwa hiyo nenda kwa mama mkwe, mtoto mgongoni kama alivyokuwa siku ile, useme: "Mama, ni mimi. Nilivuta mti bila kuangalia." Usitaje uchovu mpaka amalize kukugombeza. Atakugombeza, na utabaki mzima. Kisha mwende wote wawili kwa Machogu na kwa Ombati, na wewe mwenyewe ufungue kamba ya yule mbwa. Na siku nyingine ukienda kuchota wimbi, mpe mama mkwe mtoto ambebe. Mikono anayo, umwombe tu.

Paa la kwanza lilikuponyoka. La pili, la uongo, bado umelishikilia juu ya wanyama wawili, na Jumapili si mbali. Weka karatasi hii chini, umtafute mama mkwe.

Mshauri wako